Mama hakuwa anaharibu shuka, alikuwa kazini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji nijibu ile makala yenu kuhusu wazee wenye dimenshia, ule ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Makala nimeisoma mpaka mwisho na nawashukuru kuiandika maana watu wengi bado wanadhani ni uzee tu au mtu kachanganyikiwa. Mambo ya dawa mmeyaeleza vizuri, mambo ya kufunga mlango usiku mzee asitoke akapotea mmeyaeleza vizuri, ila kuna sehemu mmesema mzee akishafika hatua hiyo apumzishwe, vitu vyote vya hatari viondolewe karibu yake, na mkaishia hapo hapo. Hapo ndo nikaona siwezi kunyamaza, kwasababu hivo ndivo nilivofanya mimi kwa mama yangu mzazi, nikampumzisha, na ule mwaka niliompumzisha ndo mwaka alioshuka kuliko yote.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Zaidi ya miaka 40 kashona nguo za watu, sisi watoto wake tumelala na kuamka na mlio wa cherehani, ada za shule zimetoka kwenye ile cherehani. Alipoanza kusahau hatukushtuka, anauliza kitu kimoja mara tano, funguo anazikuta kwenye mfuko wa vitambaa, mteja kampima leo kesho akija anampima tena, tukasema ni uchovu. Mpaka siku alipokata gauni la mteja akakata mikono miwili yote ya kushoto. Fundi wa miaka 40! Mteja akasema maneno makali na mama akabaki ameishika ile mikono anaigeuza geuza, anaona kabisa kuna kitu hakiko sawa ila hajui ni nini. Tulimpeleka hospitali, vipimo vikafanyika, tukaambiwa ni dimenshia na inaelekea ni ile ya ugonjwa wa Alzheimer, ambayo kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani ndo inachukua kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote wa dimenshia.

Tuliporudi nyumbani nilifanya kitu ambacho nilikiona ni upendo. Mikasi nikaificha, sindano zote nikakusanya kwenye kopo nikaliweka juu ya kabati, cherehani nikaifunika nikaisukumia stoo. Asijichome, asijikate, asihangaike tena na wateja. Nikamweka kwenye kochi mbele ya tivii na blanketi miguuni, nikajiona mtoto mwema.

Baada ya wiki chache yakaanza mambo ya mashuka. Kila asubuhi nikiingia chumbani nakuta pindo la shuka limefumuliwa. Hana mkasi, hana kitu, anatumia ukucha wa kidole gumba, anatafuta mwisho wa uzi, anauvuta taratiiibu asiukate, alafu anauzungushia kwenye kidole cha shahada mpaka unakuwa kama pete ndogo anaiweka pembeni. Akimaliza shuka anaenda foronya, akimaliza foronya pazia, siku moja nikamkuta anafumua pindo la gauni alilovaa mwenyewe. Nilimfokea jamani, naandika hili kwa aibu, nilimfokea mama yangu mara nyingi tu kwamba anaharibu vitu. Nikirudi hospitali nikaeleza kwamba hatulii, mikono haikai, na tukaandikiwa vidonge vya kumtuliza. Akatulia kweli. Alitulia mpaka mate yanamtoka pembeni ya mdomo na akisimama anapepesuka.

Baadae sana ndo nikaja kusoma kwamba tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishatoa onyo kwamba baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, zile za kundi jipya, wakipewa wazee wenye dimenshia zinawaongezea hatari ya kufa, na miaka mitatu mbele onyo hilo likapanuliwa hadi zile za zamani. Simwambii mtu yeyote aache dawa kwa kusoma barua yangu, kuna wagonjwa wanazihitaji kweli na kuacha ghafla kuna madhara yake, hilo ongea na daktari. Ninachosema ni kwamba hakuna mtu aliyeniuliza, kabla ya kidonge, kwamba huyu mama mikono yake ilikuwa inafanya nini miaka yote.

Aliyenifumbua macho ni mama mdogo, mdogo wake mama wa kuzaliwa. Alikuja kutusalimia, akamkuta dada yake kakaa kitandani kashika shuka anafumua. Mi nikaanza kuomba radhi, yeye akaninyamazisha kwa mkono, akavua viatu akapanda kitandani akakaa pembeni yake, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, hii kazi ya nani?" Na mama, ambaye siku hizo alikuwa anaweza kumaliza siku nzima bila sentensi iliyokamilika, akajibu bila hata kuinua kichwa, "Ya mteja. Pindo limekaa upande."

Nilienda kulishika lile shuka nikaliangalia. Pindo lilikuwa limekaa upande. Mashine ya kiwandani ilikuwa imevuta kitambaa, na mimi nimelilalia shuka hilo miaka sijawahi kuona.

Mhariri, tangu siku hiyo nimekuwa nasoma kila ninachopata kuhusu haya mambo na naomba niwaelezee wasomaji wenzangu kitu kimoja ambacho ningekijua mapema ningeokoa mwaka mzima. Kumbukumbu sio stoo moja. Kulikuwa na mtu wa Marekani aliyeitwa Henry Molaison, yeye hakuwa na dimenshia, alikuwa na kifafa kikali na mwaka 1953 akafanyiwa upasuaji wa ubongo akiwa na miaka 27, wakaondoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili pamoja na sehemu kubwa ya kile kinachoitwa hipokampasi, sehemu inayosaidia kuweka kumbukumbu mpya. Kifafa kikapungua sana lakini toka hapo hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya, mtu akitoka chumbani akirudi ni mgeni. Sasa mwanasaikolojia wa Canada Brenda Milner akampa kazi ya mkono, achore kwa penseli akifuata umbo la nyota, katikati ya mistari miwili, huku anauona mkono wake kwenye kioo tu. Jaribuni nyumbani muone ilivyo ngumu, mkono unaenda kinyume na jicho. Molaison alirudia siku tatu na makosa yakawa yanapungua kila siku, siku ya tatu mkono unaenda vizuri kabisa, na kila siku akiulizwa hakumbuki kama amewahi kuifanya hiyo kazi hata mara moja. Kichwa hakijui, mkono unajua.

Na Alzheimer mara nyingi inaanza kula huko huko kwenye hipokampasi na majirani zake, ndo maana mgonjwa anasahau habari ya asubuhi hii kabla ya kusahau habari za ujana wake. Lakini kazi iliyorudiwa maelfu ya mara, kushona, kufuma, kupiga msasa, kufunga kamba, hiyo inategemea sehemu zingine za ubongo zilizo chini zaidi pamoja na ule ubongo mdogo wa kisogoni, na hizo kwa wagonjwa wengi zinabaki na nguvu kwa mda mrefu zaidi. Sio milele, lakini zaidi. Kwahiyo mimi nilipoficha sindano nilimfungia mama mlango pekee uliokuwa bado wazi.

Nikashusha lile kopo. Sikumpa sindano kali za cherehani, nilitafuta sindano kubwa ya kufumia yenye ncha butu na tundu pana, nikachukua kitambaa kigumu kidogo chenye nafasi kati ya nyuzi. Nikamwekea mezani nikasubiri. Hakufanya kitu. Siku ya pili hakufanya kitu, anaviangalia tu kama vitu vya mtu mwingine, nikakata tamaa nikasema basi tumechelewa. Mama mdogo akanipigia simu akaniambia "wewe anza, usimwambie, anza tu". Nikakaa upande wake, sio mbele yake, nikatunga uzi nikapiga mishono mitatu ya hovyo hovyo alafu nikamwekea kitambaa mapajani sindano ikiwa imechomekwa nusu. Akakaa kidogo. Alafu mkono wa kulia ukaenda wenyewe. Alichomoa sindano, akautoa uzi wangu kwenye tundu kwasababu ulikuwa umegawanyika ncha, akaipitisha ncha ya uzi mdomoni akailowesha kwa mate, akaibana kwa kucha mbili, akaisukuma kwenye tundu mara moja ikaingia. Mimi kwa macho yangu mazima huwa najaribu mara nne. Alafu akakunja ukingo wa kitambaa mara mbili, akaupitishia ukucha wa gumba kutoka mwanzo mpaka mwisho kama anapiga pasi, ndo akaanza kupiga bandi. Hakuniangalia. Alikuwa anahema kwa sauti ya puani kama zamani akishona.

Hilo la kuanza nimekuja kuelewa ni la wagonjwa wengi. Mtu anaweza kuwa na uwezo wa kufanya kazi lakini ubongo umepoteza ule uwezo wa kuianzisha na kupanga hatua, kwahiyo ukimwambia "mama shona basi" unapata ukimya na unadhani hawezi au hataki, kumbe unatakiwa uwashe moto wewe yeye aendeleze. Hatua moja moja. Ukisema "chukua kitambaa ukunje ukate alafu uniletee uzi mweusi" umeshampoteza kwenye neno la tatu. Onyesha kwa mkono, nyamaza, subiri, na kusubiri kwenyewe ni kirefu kuliko unavyodhani.

Kuna makosa mengine niliyofanya na nayataja kwasababu najua kuna mtu mahali anayafanya leo. Nilimpa uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe, akawa anashona hewa. Nilidhani macho, kumbe ugonjwa huu unavuruga hata namna ubongo unavyosoma kile macho yanachoona, tofauti ndogo za rangi zinapotea, kwahiyo weka uzi mweusi kwenye kitambaa cheupe na meza yenyewe iwe rangi nyingine. Nilimpa kitambaa cha maua akahangaika nusu saa anajaribu kuyaokota yale maua. Nilikuwa namkalisha jioni nikitoka kazini, na jioni ndo mda wake mbaya, wagonjwa wengi wanapata wasiwasi jua likianza kushuka, nikahamishia asubuhi baada ya kuoga na mambo yakabadilika kabisa. Dakika 20 zinatosha, siku nzuri zinafika 40, akisukuma kitambaa pembeni kazi imeisha, hakuna "malizia hapa kidogo". Sindano nazihesabu zikitoka nazihesabu zikirudi na simuachi nayo peke yake. Mzee wako kama anaweka vitu mdomoni achana kabisa na shanga na vifungo vidogo. Na mkipaka rangi za maji msiweke yale maji ya kusafishia brashi kwenye kikombe au glasi kwasababu atayanywa, mimi nilimuwahi mama kikombe kikiwa mdomoni tayari, tumieni bakuli zito pana ambalo halifanani na chombo cha kunywea.

Kosa lililoniuma kuliko yote ni siku niliporekebisha kazi yake. Mishono ilikuwa inaenda kombo, mingine mirefu mingine imerundikana, nikachukua kile kitambaa mbele yake nikafumua kidogo nikanyoosha. Sikuwa na nia mbaya. Mama aliweka mikono yake mapajani na hakushika sindano siku mbili. Yeye ambaye amefundisha mabinti wangapi kushona, leo mimi nisiyejua hata kubadilisha bobini namsahihisha. Toka siku hiyo mshono wake hauguswi, ukienda kombo unaenda kombo, hakuna mteja anayesubiri. Na simsifii kama mtoto pia. "Woow hongera mamaaa" na makofi, hapana. Namuuliza "hii tupinde tena au imetosha?" maana fundi anaulizwa kuhusu kazi yake.

Hapo nafika kwenye jambo ambalo ndo hasa limenifanya niandike. Kuna kipindi nilimpeleka mama kwenye kituo cha kushinda wazee mchana, sitakitaja jina na wahudumu wake walikuwa wapole sana, sina ugomvi na roho zao. Siku ya kwanza nilikaa naye nikaona saa ya sanaa na kazi za mikono ikifika. Walileta makaratasi yenye picha za bata wa katuni, yale ya watoto wa chekechea, na kreyoni kwenye kopo la plastiki, wakagawa kwa watu ambao mmoja alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na mwingine alikuwa seremala, wakasema kwa ile sauti ya juu ya kuimbia "haya tupake bata wetu rangi ya njanooo". Mama alishika kreyoni, akalitazama lile bata mda mrefu, akaiweka kreyoni chini taratibu sambamba na karatasi kama anavyopanga mkasi mezani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi nina wajukuu." Kwenye daftari la siku ile waliandika kwamba amekataa kushiriki.

Hakukataa kushiriki. Alikataa kudhalilishwa. Tom Kitwood, yule mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, aliyeandika sana kuhusu utu wa mgonjwa wa dimenshia miaka ya 1980 na 1990, aliorodhesha tabia ambazo sisi wazima tunawafanyia wagonjwa na zinawamaliza juu ya ule ugonjwa wenyewe, na kumfanya mtu mzima kuwa mtoto imo kwenye hiyo orodha. Alikuwa mwangalifu kusema kwamba wanaofanya hivo kwa kawaida hawana ubaya wowote. Mi nakubaliana naye kwa yote mawili.

Rangi na karatasi zenyewe sio tatizo, nisieleweke vibaya. Kuna watu hawajawahi kushika brashi maisha yao yote na ugonjwa ukawafungulia hicho kitu. Mwaka 1998 daktari Bruce Miller wa California na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa wa aina moja ya dimenshia, ile inayoshambulia sehemu ya mbele ya ubongo na ya pembeni, ambao walianza kuchora kwa uzuri baada ya kuugua na wala hawakuwa wasanii. Na alikuwepo mchoraji William Utermohlen, Mmarekani aliyekuwa anaishi London, mwaka 1995 akaambiwa ana Alzheimer akaamua kuendelea kujichora sura yake mwenyewe kwa miaka kadhaa mpaka aliposhindwa. Nimeziangalia zile picha usiku kwenye simu. Mwanzoni uso upo kamili, baadae macho yanahama, kichwa kinabomoka, mwishoni ni kama kivuli cha kichwa tu. Watu wanazionyesha kama ushahidi wa ugonjwa unavyoharibu, na ni kweli, lakini mi naona na mtu aliyeendelea kwenda kazini kila siku akiwa na hali hiyo.

Cha muhimu ni kumpa mtu kitu cha mtu mzima. Karatasi nzuri nene, brashi yenye mpini mnene (funga mpira au kitambaa kwenye mpini kama vidole vimekakamaa), rangi mbili au tatu tu sio kumi na mbili, na usimwambie achore nyumba au achore mti maana umeshamuwekea mtihani na anaweza kufeli. Usiulize "unakumbuka?", hilo swali ni kisu. Uliza "hii rangi unaionaje?" au usiulize kitu, paka yako. Jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York lilianzisha toka mwaka 2006 utaratibu wa kuwaita wagonjwa na ndugu zao kuja kuangalia picha na kuongea, na uzuri wake ni kwamba kwenye picha kila mtu anaona chake na hakuna jibu la kukosea. Hilo hata nyumbani linawezekana, picha yoyote kubwa iliyokatwa kwenye kalenda ya zamani inatosha kuanzisha maongezi. Na kama mzee wako alikuwa seremala mpe ubao na msasa, harufu ya mbao peke yake inafanya kazi, kama alikuwa mtu wa bustani mpe udongo na kopo, kama alikuwa karani mpe bahasha za kupanga na muhuri wa kugonga. Udongo wa mfinyanzi nao ni mzuri kwa yeyote, unakandwa tu, hauna mwanzo wala mwisho.

Nisije nikaonekana nauza dawa. Kazi za mikono haziponyi dimenshia na hazisimamishi. Mwaka 2018 watu wa Cochrane, wale wanaokusanya tafiti na kuzipima, waliangalia tiba ya sanaa kwa wagonjwa hawa wakapata majaribio mawili tu yaliyofaa, madogo, wakasema ushahidi hautoshi kusema inasaidia au haisaidii. Nimelisoma hilo na nimelikubali, na natamani watu wenye fedha za utafiti wafanye zaidi. Ila mi sikuwa natafuta kupunguza ugonjwa kwa asilimia fulani. Nilikuwa natafuta dakika 20 ambazo mama yangu hahangaiki, hajiulizi yuko wapi, haniulizi mama yake yuko wapi. Nilizipata. Kwake yeye daktari alipunguza vile vidonge kidogo kidogo mpaka vikaisha, kwa mwingine inaweza isiwe hivo.

Na nilipata kitu changu pia ambacho sikukitarajia. Kabla ya hapo mazungumzo yetu yote yalikuwa maswali, umekula, umeoga, unajua mimi ni nani. Tukishona hakuna maswali. Tunakaa bega kwa bega mikono inaenda, saa ingine anasema neno moja, "vuta", "legeza". Shirika la Afya Duniani linasema ndugu na marafiki wanaowatunza wagonjwa wa dimenshia wanatumia kwa wastani saa 5 kila siku kwenye kazi hiyo, na asilimia 70 ya saa zote za kuwahudumia hawa wagonjwa zinabebwa na wanawake. Watu zaidi ya milioni 55 duniani wanaumwa, hebu fikirieni ni mabinti na wake na wakwe wangapi wamekaa pembeni ya kitanda saivi hawana cha kufanya zaidi ya kumtazama. Wakipata kitu cha kushika wote wawili, na wao wanapumua.

Kwahiyo ombi langu kwa wenye vituo, hospitali na kwenu wahariri ni dogo. Fomu ya kumuandikisha mama pale kituoni ilikuwa na kurasa nne. Iliuliza presha, iliuliza mzio, iliuliza kama anajikojolea, iliuliza simu ya ndugu wa karibu na ya ndugu wa pili. Hakuna mstari uliouliza alikuwa anafanya kazi gani wala mikono yake ilizoea nini. Ongezeni huo mstari, alafu mwandikaji akishaujaza mtu ausome kabla ya kuchukua kopo la kreyoni. Na nyie gazetini mkirudi kuandika tena kuhusu wazee hawa, mnapofika pale kwenye vitu vya kuondoa, andikeni na vya kubakiza.

Mama saivi ameshuka zaidi. Jina langu halipo tena, ananiita "binti" kama alivyokuwa anawaita wale aliokuwa anawafundisha, na siku zingine ananipiga kidogo kwenye mkono nikishika kitambaa vibaya. Sindano hawezi tena, vidole havikutani. Nimemshonea mkoba wa kitambaa wa kuingiza mikono pande zote mbili, ndani na nje nimeweka zipu, vifungo vikubwa nilivyovikaza kwa uzi mara mbili, kipande cha kodrai, kipande cha satini, utepe, na anaweza kukaa navyo akifungua na kufunga ile zipu. Hospitali za Uingereza wanatumia vya kufuma vya aina hiyo hiyo, mi nilijishonea kwa kuangalia picha. Akigusa satini anaisugua kwa gumba na shahada, vile fundi anavyopima kitambaa kabla hajauliza ni mita ngapi.

Lile shuka bado tunalo. Kila nikilifua nalipinda mwenyewe kwa mkono, mishono mirefu ya kulegea, uzi mnene anaoweza kuushika, alafu namrudishia alifumue.

Ni mimi msomaji wenu,
Binti wa fundi
(Jina langu mnalo, naomba msilichape kwa heshima ya mama)